Nyama ya Mfano

Watu wakisikia DNA, mawazo yao yanakimbilia kwa baba anayemkataa mtoto. Mtu anafika dirishani kwangu, anageuka nyuma kuhakikisha hafuatwi, ananiuliza kwa sauti ya chini, "Mzee, ni hapa wanapopima?" Namwambia ndiyo, ni hapa hapa, ila sisi tunapima soseji. Wengine hucheka. Wengine huondoka wamenuna, utadhani mimi ndiye niliyeitia hiyo mimba. Kazi yangu ni kupokea tu. Wakaguzi wa chakula wanazunguka madukani, wanakata kipande hapa, wanachota kijiko pale, wananiletea kwenye mifuko iliyofungwa. Mimi naondoa jina la duka, nabandika namba, naingiza kwenye friji. Kuanzia hapo hakuna anayejua namba ipi ni ya nani isipokuwa mimi, na nikishafunga mdomo wangu hata mke wangu haufungui.

Upande wa pili wa ukuta ndiko alikofanya kazi Shangazi.

Si shangazi yangu, na kwa umri ni mdogo wangu kabisa. Jina hilo lilitoka kwa binti wa marehemu kaka yake, aliyekuwa akipita maabara baada ya shule na kuuliza, "Shangazi yupo?" Ofisi nzima ikalidaka. Mkuu wa maabara mwenyewe, pamoja na digrii zake zote ukutani, humwita Shangazi mbele ya wageni, na wageni nao wanaitikia hivyo hivyo.

Nitaeleza kazi yake kwa kifupi, maana mimi mtu akinielezea kitu kirefu napata usingizi. Nyama ikishasagwa ikatiwa viungo, jicho halijui tena ilitembea kwa miguu ya nani. Samaki naye ukishamvua ngozi na kichwa, mwite jina lolote la samaki wa bei mbaya, ataitika. Lakini kila kiumbe kina vinasaba vyake, na hivyo havifichiki kwa pilipili. Shangazi anachukua kipande kama punje ya mchele, anakiyeyusha kwenye dawa, anakizungusha kwenye mashine mpaka vinasaba vijitenge, kisha anavitia kwenye mashine nyingine inayopasha na kupooza, kupasha na kupooza, mpaka kile kidogo kinazaliana kinakuwa kingi. Kwenye kioo inatokea mistari. Humo kuna ng'ombe? Kuna mbuzi? Kuna punda? Mstari ukipanda, mnyama yumo. Ukilala chini tangu mwanzo mpaka mwisho, hayumo.

Sasa hebu niambie, mtu wa kazi hiyo atakaribishwa kula na nani? Majirani wa jengo lake wakimsikia kwenye ngazi wanafunika sufuria. Wanasema ni utani, lakini mfuniko unashuka kweli. Muuza samaki wa mtaani kwake akimwona kwa mbali, samaki wamekwisha, na huku harufu inambishia. Hata sisi kazini hatukuwa na nafuu. Mchana tunakula pamoja kwenye kijichumba nyuma ya stoo, na kila siku lazima awepo mmoja wa kusema, "Ficheni mabakuli, Shangazi asije akatuambia tunakula nini." Tunacheka, naye anacheka. Halafu anachukua mkate wake na yai lake, anaenda kula peke yake karibu na dirisha la ngazi. Yai, aliniambia, ni chakula pekee ambacho hajawahi kukitilia shaka.

Aliwahi kuwa na mchumba, mhasibu mmoja mpole mwenye shingo ndefu. Mhasibu akampeleka hotelini, akamwagizia samaki wa kifahari. Shangazi akaonja, akaweka uma chini. Hakutaka kusema, mwanaume ndiye aliyemng'ang'ania aseme. Basi akasema, huyu siye. Mhasibu akamwita mhudumu, mhudumu akamwita mpishi, mpishi akamwita meneja, na uchumba ukaishia mezani hapo hapo.

"Ningemeza tu, Mzee," aliniambia. "Ningemeza nikanyamaza, leo ningekuwa na mtu wa kunifungulia mlango."

Nikamjibu kwamba vitasa vya siku hizi vinafunguka pande zote mbili.

Kwa hiyo alibaki na nyumba moja tu ya kula bila kutaniwa vibaya, ya marehemu kaka yake. Kaka mtu alikuwa muuza nyama, bucha iko mbele, familia inakaa nyuma. Alipofariki, mkewe akafunga kanga ya msiba, akafungua kanga ya msiba, akashika kisu. Huyo wifi mtu namfahamu, mimi ni mteja wake. Ni mwanamke mwenye mikono ya kazi na mdomo usio na breki. Kila Jumapili Shangazi alienda pale mchana. Wifi yake alimpakulia kabla ya wote, na alimtania mpaka machozi yakamtoka. "Kula, wifi, hii haina namba," anamwambia. "Mwone alivyokonda kama waya wa antena. Hao wazee wa vichupa hawakupi hata uji?" Jumatatu Shangazi akija kazini alikuwa mtu mwingine, hata salamu yake ilikuwa na sauti. Kufika Jumatano ilikuwa imeanza kufifia, na Ijumaa anaitikia kwa kichwa.

Haya, sasa nifike kwenye nyama ya mfano. Kila unapopima nyama usiyoijua, pembeni yake lazima uweke nyama unayoijua. Kama unajua kwa hakika kwamba hii ni ng'ombe mtupu, basi mstari wa ng'ombe upande na mingine yote ilale. Ikienda hivyo, mashine inasema kweli, na majibu ya nyama za watu yanaaminika. Ile ya kununuliwa rasmi huagizwa mbali, inakuja imekauka kwenye vichupa, na kila ikiisha tunasubiri mpaka tunasahau kama tuliagiza. Shangazi alichoka kusubiri. Kaka yake alipokuwa hai, alikuwa akienda mnadani mwenyewe, anamchagua ng'ombe, anamshika pembe, anasimama pale anapochinjwa. "Kama kuna ng'ombe ninayemjua duniani," alisema Shangazi, "ni wa kaka yangu." Akawa anachukua nyama ya kusaga buchani kwao, anaigawa kwenye vifuko, anaigandisha. Mkuu alijua na hakuona kosa. Kaka akafa, wifi akashika bucha, Shangazi akaendelea kuchukua nyama pale pale. Haikumjia hata siku moja kuipima hiyo upya. Ungempimaje mtu unayekula kwake?

Siku hiyo nilimsikia anavuta kiti. Kwenye chumba kile hakuna anayevuta kiti, wanatembea kama wanaiba. Nikachungulia. Alikuwa amesimama mbele ya kioo, ametoa glavu, mikono ameipachika kwenye kwapa.

"Nimechafua," akasema. "Nyama ya mfano imepanda punda."

Nikamwambia achana nayo, anza upya. Ndivyo alivyofanya. Akafuta meza kwa dawa mpaka macho yakatuwasha mpaka huku dirishani. Akafungua dawa mpya, glavu mpya, akachukua kifuko kingine cha kundi lile lile. Mstari wa punda ukapanda tena, taratibu, bila haraka. Akanituma mimi buchani. "Nunua ya kusaga na ya kipande. Usimwambie ni yangu." Nikanunua, nikapiga soga kidogo na wifi mtu, nikarudi. Ya kipande ilikuwa ng'ombe mtupu. Ya kusaga ilipanda punda.

Kosa la mkono huangukia popote, halichagui ya kusaga na kuiacha ya kipande. Hata mimi niliyeishia darasa la kupanga foleni nililielewa hilo. Mashine zetu zina thamani ya nyumba, tuna makoti meupe na alama za hatari mlangoni, na kumbe ukweli wote tulikuwa tunaulinganisha na kapu la nyama la wifi mtu.

Mkuu alipoambiwa alikuna kidevu. "Andika imechafuka," akasema. "Tupa nyama hiyo, nunua duka jingine, rudia sampuli zote. Hakuna anayehitaji kujua zaidi ya hapo." Aliposema hivyo nilishusha pumzi. Nilimwona ni mtu mwenye akili kuliko nilivyomdhania miaka yote. Shangazi akachukua mkoba wake akaenda zake, na keshokutwa yake ilikuwa Jumapili.

Ya huko sikuyaona. Nayasema kama alivyonisimulia mwenyewe Jumatatu asubuhi, amekaa kwenye benchi la wakaguzi mbele ya dirisha langu, bado na mkoba begani.

Alikuta meza imeshaandaliwa. Wifi yake akampakulia wali, juu yake nyama ya kusaga. Shangazi akamwambia binti akamletee maji ya baridi dukani. Binti alipotoka, wifi mtu akauliza, "Mbona huli?"

"Wifi, hii ya kusaga unaitoa wapi?"

"Buchani kwangu. Ulitaka niitoe benki?"

"Imetoka na punda, wifi. Nimeipima. Nimerudia na nimerudia."

Wifi mtu akaweka mwiko chini. Hakuruka, hakupiga kelele. Akakaa.

"Kuna mtu ananiletea," akasema. "Inakuja imeshatolewa mifupa, naichanganya na yetu. Ng'ombe mzima siwezi tena kumnunua kila mara kama kaka yako."

"Hukumuuliza ni nyama gani?"

"Sikumuuliza."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu angenijibu."

Wifi mtu akasema ameacha, kuanzia dakika ile, yule mtu hataukanyaga mlango wake, naapa kwa kaburi la kaka yako. Shangazi akawa anatazama sahani. Wifi mtu akamtazama anavyoitazama, na hapo ndipo hasira ikampanda.

"Na wewe niambie kitu kimoja," akasema. "Hapa huwa unakuja kula au unakuja kupima?"

Binti akaingia na maji. Shangazi akachukua kijiko, akala. Aliponiambia hivyo aliinamisha uso. Alikula sahani yote mpaka ikabaki nyeupe, kwa sababu hakutaka mtoto akute chakula kimeachwa na aulize kwa nini.

"Basi ndiyo maana una bidii ya kazi hivi," nikamwambia. "Umekula punda Jumapili zote hizo." Ni mzaha mbaya, najua. Nilitaka acheke aende ndani akavae koti lake, tuendelee kuishi. Hakucheka.

"Kwenye kundi lile kuna namba moja ya mtu mwingine imepanda punda pia," akasema. "Nikirudia itapanda tena. Watamfungia duka, wataniita mbele ya hakimu niseme niliona nini. Nitasimama niseme yule kauza punda, na mimi Jumapili nimemla kwa wifi yangu nikasema ahsante?"

"Wifi yako ameapa."

"Wote wanaapa, Mzee. Mimi nimeajiriwa kwa sababu watu wanaapa."

"Ni nyumba ya kaka yako. Huna nyingine."

"Najua," akasema. "Nimelijua hilo tangu jana, na usiku kucha."

Akapanda ghorofani kwa wakaguzi, akawapa jina la bucha kwa mdomo wake mwenyewe. Nilimkasirikia sana. Nilibandika namba asubuhi nzima kwa nguvu, mpaka nikapasua mifuko. Nikajiuliza, huyu mwanamke ana nini? Mkuu kamfungulia mlango wa nyuma, wifi katubu, nyama imetupwa, dunia inazunguka. Kwa nini hawezi kumeza, kama sisi wengine tunavyomeza? Sijapata jibu mpaka leo, na nimeacha kulitafuta kwa hasira.

Wakaguzi walienda pale katikati ya wiki. Simu ya Shangazi ikalia tukiwa kwenye kijichumba cha chakula. Akaisikiliza, akaishusha.

"Wifi amesema, 'Wenzako wamefika,'" akatuambia. "Kisha amekata."

Jioni ukaingia ujumbe wa binti. Shangazi, mama anasema Jumapili hii usije, tutakuwa na wageni. Alinionyesha, akauliza ninaonaje. Nikasema labda kweli wana wageni. Familia ile haijawahi kuwa na mgeni wa Jumapili isipokuwa yeye, na sote wawili tulilijua hilo. Jumapili iliyofuata hakukuwa na ujumbe. Hakwenda.

Sampuli za siku ile zililetwa kwangu zikiwa nyingi, wakaguzi walipita mtaa mzima wa mabucha ili isionekane wanamlenga mmoja. Shangazi akaenda kwa Mkuu kuomba asizipime yeye, kwa kuwa kuna ya ndugu yake humo. Mkuu akasema mpimaji mwenzake yuko masomoni na hakuna mwingine, na isitoshe Shangazi hajui namba ipi ni ya nani. Ilikuwa kweli, nilizichanganya kwa makusudi kama karata. Akapima zote. Nyama ya mfano safari hii ilitoka kwenye vichupa vilivyofika hatimaye kutoka mbali, baada ya Mkuu kupiga simu na kufoka. Ingekuwa vizuri angefoka mapema.

Mstari mmoja wa punda ulipanda.

Akatoka, akaja kusimama upande wangu wa dirisha, asikopaswa kusimama, akanitajia namba. Hakuuliza ni ya nani, na mimi sikumwambia. Sheria ni kwamba sitaji jina mpaka Mkuu atie saini, na katika kazi hii hicho kidogo ndicho nilichonacho. Lakini nilikuwa najua. Nilikuwa najua tangu aliposema namba, na namba ile haikuwa ya wifi yake. Nilimmiminia chai, akashika kikombe mpaka ikapoa, akanirudishia.

Mkuu alitia saini kesho yake. Nikamwita.

"Ya wifi yako ni safi," nikamwambia. "Ya kusaga na ya kipande. Ng'ombe mtupu."

Nilitegemea afurahi. Nilishaandaa na utani. Akakaa kwenye benchi polepole, kama mtu anayetafuta kiti gizani.

"Basi aliacha kweli," akasema.

"Aliacha."

"Aliniambia ameacha, na akawa ameacha." Akarudia tena na tena kwa sauti ndogo. "Kabla sijapanda kwa wakaguzi, Mzee. Alikuwa ameshaacha."

Roho iliniuma. Nikamwambia aende akaombe radhi, wanawake wawili waliomzika kaka pamoja hawawezi kukosa pa kuanzia. Akasema haombi radhi kwa kupeleka jina kwa wakaguzi, angelipeleka tena leo. Anaenda kuomba radhi kwa kutomwamini. Nikamwambia hizo mbili kwa wifi yako ni moja. Akasema anajua, lakini atajaribu. Nikasema basi twende wote jioni, nami nina nyama ya kununua, ingawa sikuwa nayo.

Bucha ilikuwa imejaa. Wifi mtu alikuwa amebandika karatasi ya majibu kwenye kioo, na watu wa mtaa mzima walikuwa wamehamia pale, maana duka la pili mbele yake, lile la mstari wa punda, limefungwa. Kisu kinapanda kinashuka, mizani inalia, binti yuko kwenye kusaga. Tukapanga foleni. Binti alimwona shangazi yake, akafungua mdomo, akamtazama mama yake, akaufunga, akarudi kwenye mashine.

Zamu yetu ikafika.

"Hujambo, wifi," akasema Shangazi.

"Sijambo. Nikukatie ipi, mteja?"

Alisema kwa adabu kamili. Sauti ile ile aliyompa aliyetutangulia, na ndiyo aliyonipa mimi baadaye. Watu wa nyuma wakaanza kusogeasogea.

"Wifi, nilikuja kukwambia kwamba mimi..."

"Ya kusaga au ya kipande, mama? Watu wanasubiri."

"Ya kusaga."

Akampimia. Akamzidishia kipande kidogo juu, kama anavyowafanyia wateja wote ili warudi. Akafunga, akapokea pesa, akarudisha chenji mkononi mwake bila kuugusa mkono. "Asante, karibu tena," akasema, na macho yalikuwa yameshafika kwangu.

Nje nilimkuta ameshikilia mfuko kwa mikono miwili. Nikamwambia twende kwangu, mke wangu ameshapika, hatutafunika sufuria, nitamkataza. Nilikuwa namaanisha. Akanishukuru, akasema siku nyingine. Tukatembea mpaka njia panda, yeye anaenda kushoto, mimi kulia. Hapo ndipo alipolia, wima, katikati ya wapita njia, bila kujifuta.

"Angenitukana tu, Mzee," akasema. "Mdomo wote ule anao. Hata tusi moja hakunipa."